Jambia, Upanga na Chusa: Maswali Yenu ya Silaha za Gemu za Mezani

Mwezi huu barua karibu zote ni za silaha, na nyingi zimetoka Lamu na Malindi, nadhani kusi limewafungia watu ndani hakuna pa kwenda. Kwa msomaji anayetupitia mara ya kwanza, tunazungumzia zile gemu za kukaa mezani, mtu mmoja anasimulia hadithi na kuendesha maadui, tunamwita masta, wengine kila mtu ana mhusika wake, na kila jambo lenye mashaka linaamuliwa na dadu. Wengi wenu mnacheza Dungeons & Dragons kwa hivo nitajibu kwa kitabu hicho, na nikiandika d6 ni dadu ya pande 6, d12 ni ya pande 12, na kuendelea hivohivo.

*Asalam aleikum mjibu maswali. Sisi ni vijana wa Langoni hapa Amu, tunacheza barazani kwa mjomba baada ya isha, kitabu chetu ni kile cha 2014, mimi ndo masta. Shida yangu ni mpiganaji mmoja ana upanga wa mikono miwili na kile kipaji cha Great Weapon Master, akimpata mtu huyo mtu hainuki tena, alafu kuna mwenzetu anacheza mwizi na jambia lake la d4 sa anasema yeye hana kazi, ati amebebeshwa kisu cha kupaa samaki, anataka kutoka. Wote wako levo ya 4. Nlitaka nipunguze upanga uwe d10 lakini mwenyewe amenuna hata salamu haitikii. Nifanyeje? — Masta wa Langoni, Lamu*

Waleikum salaam. Upanga usiuguse kwanza, tufanye hesabu.

Upanga wa mikono miwili unarusha d6 mbili, wastani 7. Shoka kubwa ni d12 moja, wastani 6.5. Upanga mrefu wa mkono mmoja ni d8, wastani 4.5. Lakini huyu wa mkono mmoja mkono wa pili kashika ngao, na ngao inampa 2 kwenye namba yake ya ulinzi (ile ambayo d20 ya anayempiga lazima iifikie ndo ampate), kwa hivo jamaa yako ameiacha ngao akapata pointi 2.5 zaidi kwa kila pigo na yeye mwenyewe anapigwa kirahisi zaidi. Hiyo biashara ni halali, hamna aliyeonewa. Ukimshusha hadi d10 wastani ni 5.5, manake ametupa ngao kwa sababu ya pointi moja, hata mimi ningenuna.

Kinachowachoma hapo ni kipaji. Great Weapon Master ya 2014 inakuruhusu ujikate 5 kwenye d20 ya kushambulia, ukipata unaongeza madhara 10, na 10 kwenye levo ya 4 ni nyingi sana. Ila watu wanaona ile 10 tu, ile 5 hawaioni. Tuseme ana nguvu 18, kwa hivo anaongeza 6 kwenye d20 na 4 kwenye madhara (mapigo ya d20 ikitoka 20, yanayoumiza zaidi, nayaacha nje hesabu isiwe ndefu). Adui mwenye ulinzi 13: bila kipaji anampata asilimia 70, mara 11, ni 7.7 kwa zamu. Na kipaji anampata asilimia 45, mara 21, ni 9.45. Sawa, hapo kipaji kimelipa. Adui mwenye ulinzi 16: ni 6.05 bila, 6.3 nacho, yaani karibu hamna kitu. Adui mwenye deraya nzito na ngao, ulinzi 18: ni 4.95 bila, 4.2 nacho, hapo amejiumiza mwenyewe. Sasa we masta jiulize maadui wako wote wanavaa nini, kama kila siku ni majambazi wa kanzu na kikoi basi umemwandalia karamu.

Haya tuje kwa mwizi, na hapa ndo nimesoma barua yako mara mbili. Anarusha d4 peke yake? Kwani lile shambulio la kuvizia mmelisahau? Mwizi wa levo ya 4 anaongeza d6 mbili, mara moja kwa zamu, na silaha ikiwa ya wepesi kama jambia au ya mbali kama uta inafaa. Sharti lake ni mojawapo: awe na nafasi ya kurusha d20 mbili achukue kubwa, au awepo mwenzake ndani ya futi 5 za huyo adui, mradi mwizi mwenyewe asiwe amelazimishwa kurusha d20 mbili achukue ndogo. Na mwenzake wa kusimama futi 5 na adui ni nani, si huyo huyo bwana upanga aliyenuna! Kila akisimama mbele kupiga watu anamfungulia mwizi mlango, na pengine wote wawili hawajui.

Pigia hesabu. Jambia 2.5, kuvizia 7, wepesi wake nao tuseme ni 18 kwa hivo 4, jumla 13.5. Kwa adui mwenye ulinzi 13 anampata asilimia 70, inatoka 9.45 kwa zamu. Rudi juu kaangalie namba ya mpiganaji na kipaji chake. Ni ile ile, 9.45 kwa 9.45, wallahi sijaipanga mimi. Kwa ulinzi 18 mwizi anatoa 6.07 na mpiganaji hafiki hata 5. Na bado mwizi ana jambia la pili, akikosa la kwanza anapiga na la pili kama nyongeza ya zamu, yaani kile kitendo kidogo cha ziada, na kuvizia kwake bado kupo kunamngoja. Kwa hivo mwambie akae, asiende popote.

Lakini sitaki uondoke na namba tu, manake namba zikilingana bado mtu anaweza kukaa anapiga miayo. Jambia linarushwa, futi 20 vizuri na hadi 60 kwa kubahatisha. Linafichika ndani ya kanzu. Mpelekeni mwizi wenu mahali ambapo silaha zinaachwa mlangoni, nyumbani kwa mkubwa, harusini, uone upanga wa mikono miwili utafichwa wapi. Au mwaga pigano kwenye vichochoro vya Mkomani, pale punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, alafu sema silaha nzito ya kuzungusha inarusha d20 mbili ichukue ndogo na jambia na mkuki haziguswi. Hiyo kanuni kitabuni haimo, ni yangu ya nyumbani, itangaze kabla gemu haijaanza. Na usiitumie kila wiki, mwenye upanga si mjinga, atajua anaandamwa, na kesho tena mpe uwanja mpana wa mchanga pale Shela na majitu matatu wazi wazi afurahi na yeye.

Kama mnaweza kupata kitabu cha 2024, wenyewe walioandika wameliona hili. Kile kipaji hakina tena kujikata 5 na kuongeza 10, kinaongeza tu ile bonasi ya ujuzi kwenye madhara, kwa levo yenu bonasi hiyo ni 2. Alafu silaha zimepewa ufundi wake kila moja: upanga wa mikono miwili ukikosa bado unamkwaruza adui kwa kiasi cha bonasi ya nguvu zako, shoka kubwa linaweza kumfuata na adui wa jirani, upanga mrefu unamvuruga adui pigo lake lijalo, jambia linakupa lile pigo la pili bila kula nyongeza ya zamu kwa hivo mwizi anapiga mara mbili na bado anakimbia. Mimi hapo ndo naona wamepatia. Miaka mingi watu walikuwa wanabishana d8 na d10, kumbe anayecheza anataka kitu cha kufanya ambacho aliyekaa pembeni yake hana.

*Hujambo, mie ni mdada wa Malindi, mhusika wangu ni mvuvi, nimenunua mkuki wa meno matatu kwa dhahabu 5 ndo ufanane na mvuvi, mwenzangu kanunua mkuki wa kawaida dhahabu 1, tukalinganisha ni kitu kimoja! Nimeibiwa ama? Na kama nimeibiwa naomba unitengenezee chusa cha kweli chenye kamba, huku wazee wanavitumia na kitabuni sikioni. — Binti wa Pwani, Malindi*

Umeibiwa dada yangu, na aliyekuibia ni kitabu. Kwa toleo la 2014 mkuki ni d6, ukiushika mikono miwili d8, unarushwa futi 20 hadi 60, uzito ratili 3. Meno matatu ni d6, mikono miwili d8, futi 20 hadi 60, ratili 4. Yaani umelipa mara tano ubebe mzigo mzito zaidi, na isitoshe mkuki karibu kila mtu amefunzwa kuutumia, meno matatu lazima uwe umesomea silaha za kivita. Watu wamelicheka jambo hili miaka 10 mpaka 2024 walipolirekebisha, sasa ni d8 na d10 na ukimpata mtu unaweza kumwangusha chini. Mwombe masta wako atumie hiyo, hata kama mengine yote mnacheza ya zamani, haitaharibu chochote.

Chini ya maji ndo kidogo unapona, manake asiyekuwa kiumbe wa kuogelea akipigana huko silaha nyingi zinamharibikia, anarusha mbili anachukua ndogo, isipokuwa jambia, upanga mfupi, mkuki, mkuki mdogo wa kurusha na huo wako wa meno matatu. Kwa hivo kama kampeni yenu ni ya baharini piganeni majini mara nyingi, bwana upanga ataomba radhi. Ila mwenye mkuki wa dhahabu 1 naye anapona vilevile, hapo sina la kukusaidia.

Chusa chako ni hiki. Kianzie kwenye mkuki mdogo wa kurusha: d6, futi 30 hadi 120, ila kwa sababu ya kamba usivuke futi 30, hiyo 120 isahau. Ukimpata adui chusa kinanasa, na zamu yako inayofuata unaweza kutumia kitendo chako kizima kumvuta, mnashindana nguvu, ukishinda anakuja futi 10 upande wako, na yeye asiondoke mbali kuliko kamba mpaka akikate au akichomoe, akichomoa anajiumiza d4. Mkono ulioshika kamba hauna kazi nyingine, hakuna ngao. Na ukimnasa mkubwa kuliko wewe, papa kwa mfano, basi ukishindwa ni wewe unayeenda kwake. Hicho kipengele cha mwisho masta wako akikitoa usikubali, ndo kinachofanya chusa kiwe chusa, na ndo bei unayolipa kwa kuwa na silaha inayovuta watu. Ukiona mtu anakuletea silaha ya kujitungia, d8 na inavuta na inaunguza na haina ubaya wowote, mrudishie.

*Kaka yangu mkubwa anasema zamani silaha zote zilikuwa d6, jambia d6 shoka d6, mimi nasema ananitania. Tumewekeana chapati. — Mwanafunzi, Lamu*

Mpe chapati zake. Gemu ilipotoka 1974, ya Gary Gygax na Dave Arneson, vilikuwa vijitabu vitatu na madhara yote ni d6, wachawi walibanwa wakae na jambia tu. Ukifikiria, kunyimwa upanga hakukuwaumiza kwenye madhara hata chembe. 1975 kikaja kitabu cha nyongeza kinaitwa Greyhawk ndo kila silaha ikapata dadu yake, na hapo ndo ugomvi wa nani ana kubwa ukazaliwa. Kitabu cha 1978 nacho kilikuwa na jedwali la kila silaha dhidi ya kila aina ya deraya, kwamba rungu linafaa kwa deraya hii na jambia halifai kwa ile, na madhara mawili tofauti, moja la watu na moja la viumbe wakubwa: upanga mrefu d8 kwa mtu, d12 kwa jitu. Lile jedwali la deraya wengi walikuwa wanaliruka, kila pigo ufunue kitabu, nani ana muda.

Alafu 2000 wakaja na habari ya mapigo makali, kuna silaha inayozidisha madhara mara mbili d20 ikitoka 18 kwenda juu na kuna inayongoja 20 lakini ikipata inazidisha mara nne, ile mundu mkubwa. Kwenye karatasi imelingana, mezani watu wote wakabeba mnyororo wa miiba manake ulipiga jirani na wa mbali pamoja. Siku hizi kuna gemu zimerudi kwa kaka yako kwa njia nyingine, kama Dungeon World, dadu inafuata kazi ya mhusika, mpiganaji ana dadu yake kubwa hata akishika kiti, mchawi ana ndogo hata akishika upanga wa mfalme. Mimi kwa wanaoanza ningewapa hiyo bila kufikiri, mtu achague silaha anayoipenda kwa macho. Ila ukishazoea inachosha, unataka chuma kiwe na maana.

*Sisi ni wa Shela, tunataka kampeni ya Vita vya Shela yenyewe, Waamu na Wapate na Wamazrui. Sasa bunduki. Masta anaogopa tukiweka bunduki hakuna atakayeshika mkuki tena. Wewe waonaje? — Kundi la Shela*

Wazo zuri mno, na kwa mgeni ni vile vita vya mwanzoni mwa miaka ya 1810, Pate na Wamazrui wa Mombasa walishuka pale Shela kuipiga Lamu wakashindwa, na husimuliwa kwamba waliporudi mbio kwenye vyombo walikuta maji yamekupwa. Hilo la maji tu ni nusu ya kampeni, wekeni saa, kila zamu kadhaa maji yanashuka.

Bunduki msiiogope. Kitabu cha masta cha 2014 kinayo, gobori ni d12, futi 40 hadi 120, dhahabu 500. Uta mrefu ni d8 lakini futi 150 hadi 600, na dhahabu 50. Gobori lazima lishindiliwe, kwa hivo hata ukiwa mpiganaji wa levo ya 5 mwenye mapigo mawili, linalia mara moja tu kwa kitendo. Mpiga uta huyo huyo mwenye wepesi 18 mishale yake miwili ikipata ni 17, gobori likipata ni 10.5. Sasa nani ataacha uta? Kwa kweli shida yenu itakuwa kinyume, mtanunua gobori kwa dhahabu 500 alafu limetundikwa ukutani.

Kama mnataka liwe na uzito wake mimi ningefanya hivi. Askari aliyefunzwa vizuri kwa magobori yale alikuwa anapiga labda mara tatu kwa dakika, na zamu ya gemu ni sekunde 6, kwa hivo risasi moja ni kama zamu tatu. Basi wekeni d12 mbili, lakini kushindilia kunakula vitendo vitatu kamili. Mtafanya kile kile watu walichofanya kweli, mlio mmoja mkubwa mwanzo wa vita, moshi, alafu bunduki chini, upanga nje, na mkuki unarudi kuwa mfalme wa mstari wa mbele. Na aliyevuka maji kufika vitani, d20 ikileta 1 baruti imelowa, gobori limekuwa rungu mpaka vita viishe.

Na yule wenu aliyeongeza kwa mkono chini ya barua, "kwani kwa nini mkuki hauna urefu kitabuni na kweli ni mrefu kuliko upanga", uko sahihi, kwa vita vya kweli mkuki umemshinda upanga mara nyingi sana, majeshi mengi duniani yalijengwa kwa mkuki na upanga ulikuwa wa kiunoni. Waandishi wamezipa urefu wa futi 10 silaha chache tu, kama mikuki mizito ya mikono miwili. Ukiupa na huu wa kawaida, wenye ngao, wa kurushwa, wa dhahabu 1, hakuna mtu atanunua kitu kingine dukani. Waacheni wadanganye hapo.

*Babu yangu alikuwa mchezaji wa kirumbizi, ule mchezo wa kupigana fimbo, mhusika wangu nimempa fimbo ya babu na ngao, na kipaji cha Polearm Master. Masta anasema fimbo si silaha ya maana na mkono mmoja haiwezi kupiga ncha zote mbili. — Mjukuu, Lamu*

Kwa kitabu cha 2014 umeshinda. Fimbo ni d6, bei yake vipande 2 vya fedha tu, na kipaji hicho kimeitaja kwa jina: unapiga kwa ncha moja, alafu nyongeza ya zamu unapiga na ncha ya pili d4, na hakuna mahali pamesema lazima mikono miwili kwa hivo ngao yako ibaki. Anayekusogelea nawe unampiga akiingia tu. Ukiongeza nguvu zako kwa kila pigo, na levo za chini hapo unamfikia mwenye upanga wa mikono miwili huku ulinzi wako uko juu kuliko wake kwa 2. Ni kweli inachekesha ukiiwazia, ngao huku na fimbo inazunguka ncha mbili kwa mkono mmoja, masta wako akisema anataka ushike mikono miwili ukitaka ncha ya pili ana haki kwenye meza yake, lakini basi akupe d8 ya mikono miwili, hiyo nayo imo kitabuni, na aache maneno kwamba fimbo si silaha, siku ya Maulidi akasimame katikati ya uwanja wakirumbizana aone.